Maus isiyo na waya inaganda kila baada ya Isha. Sababu ni nini hasa?

#1 MkaaziWaMkunazini
Asalaam aleykum wana baraza. Nashika hesabu za nyumba moja ya wageni hapa Mji Mkongwe. Mchana nipo kazini, usiku namalizia nyumbani. Laptopu nimeipandisha juu ya stendi, nikanunua maus na kibodi zisizo na waya, seti moja, kidude kimoja cha USB kinatosha zote mbili. Kazini zinakwenda kama maji. Lakini nikirudi msikitini baada ya Isha, nikikaa tu, kishale kinaganda. Nakisukuma, hakiendi, kisha ghafla kinaruka hadi pembe ya skrini. Kibodi nayo inakula herufi: naandika "malipo" inatoka "malpo", mara "maliiiiipo". Juzi nimeandika laki nane ikatoka na sifuri moja ya ziada, ikabidi nimuombe radhi bosi.

Mawe (betri) nimebadilisha. Maus yenyewe nimebadilisha, hii ya tatu tangu Mfungo Mosi. Kwa nini usiku tu? Na kama ni kununua nyengine, ninunue ipi?

#2 Kipanga_Bububu
Usiku tu? Tena baada ya Isha? Yakhe, hapo hutaki fundi, unataka wa kukusomea. Mkunazini kuna wenyewe.

#3 Fundi_Mlandege
Tuache mzaha. Hiyo ni hewa ya bahari. Vitu hivi navifungua kila siku na ugonjwa ni mmoja: chumvi na unyevu. Chini ya kila kitufe cha maus kuna swichi ndogo, ndani yake kijibati chembamba kama ukucha. Kikishika kutu kidogo tu, unabofya mara moja kompyuta inahesabu mara mbili. Hayo "maliiiiipo" yako ndiyo hayo hayo. Usiku unyevu unapanda, ndiyo maana. Hapa petu maus haimalizi miaka miwili.

#4 BintiWete
Fundi, heshima yako, lakini kutu haiendi kulala asubuhi. Ikishashika imeshika. Na Wete nako kuna bahari, tena mie nyumba yangu inatazama bandarini, maus yangu ina mwaka wa sita. Jengine: mwenzetu anasema kishale kinaganda, hakusema kinabofya mara mbili. Hayo magonjwa mawili mbali.

#5 Fundi_Mlandege
Maus ya miaka sita ni ya Ulaya hiyo. Hizi za elfu kumi ni nyengine.

#6 BintiWete
Niliinunua Chake, elfu thelathini na tano. Ulaya ipi?

#7 Maalim_Chake
Wanangu, hebu tuliangalie swali. Aliyeuliza ana dalili tatu: usiku, maus na kibodi pamoja, na vifaa vipya vinaugua kama vya zamani. Kitu kinachogusa vyote viwili kwa wakati mmoja ni kile kidude au hewa iliyo baina yao.

Vifaa hivi huzungumza kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. Uwanja wenyewe ni mdogo, kuanzia 2.400 mpaka karibu 2.4835, na takriban nchi zote zimeuacha wazi, kila mtu anautumia bila leseni. Waifai ya kawaida imo humo. Bluetooth imo humo. Simu za mezani zisizo na waya, kamera za kuangalizia watoto wachanga, taa za kisasa, wote humo. Sasa usiku nyumba inajaa: watoto wamo kwenye simu, jirani anaangalia mpira kwa intaneti, kila nyumba ina ruta yake. Maus yako inanong'ona katikati ya harusi.

Jaribu hivi: ingia kwenye ruta, hamishia vifaa vya nyumbani kwenye gigahezi 5 kama inayo. Kama haina, weka chaneli 1, 6 au 11, uone ipi jirani hawaitumii. Halafu tuletee habari.

#8 Mchapa_Kazi
Ndiyo maana mie natumia Bluetooth. Haipiti kwenye hayo mawimbi ya waifai, ina njia yake.

#9 Msaada_Tunguu
#8 hapana kaka. Maalim kashasema, Bluetooth imo humo humo kwenye 2.4. Tofauti yake ni kwamba inarukaruka. Ile ya asili ina chaneli 79 na huhama mara 1,600 kwa sekunde moja. Toka toleo la 1.2 la mwaka 2003 ikaongezwa akili ya kukwepa chaneli zenye fujo. Kwa hiyo inavumilia zaidi, si kwamba iko peponi peke yake.

#10 Mchapa_Kazi
Ahsante. Basi nimedanganywa dukani.

#11 Kipanga_Bububu
Karibu kwenye chama, wanachama tupo wengi.

#12 BiMpole_Mazizini
Naomba niulize kama mama wa nyumba: nyumbani kwako kuna maikrowevu? Kwetu saa mbili unusu usiku ndiyo saa ya kupasha chakula. Nikiwasha tu, spika ya Bluetooth ya mwanangu inaanza kukatakata. Nilidhani spika mbovu, kumbe oveni.

#13 Maalim_Chake
Bi Mpole umegonga palipo. Maikrowevu hupasha kwa gigahezi 2.45, katikati kabisa ya uwanja huo. Bati la oveni linazuia mawimbi yasitoke, lakini hata oveni nzima huvuja kidogo mlangoni. Si ya kumdhuru mtu, ila kwa maus inayosema kwa nguvu ndogo ni kelele tupu.

#14 MkaaziWaMkunazini
Subhanallah. Mama mkwe hupasha chakula chake baada ya Isha, kila siku, na maikrowevu iko jikoni, upande wa pili wa ukuta huu huu ninaoupa mgongo.

#15 Kipanga_Bububu
Sasa hapo pazito. Kamwambie mama mkwe ale chakula baridi kwa sababu ya panya.

#16 Nahodha_Malindi
Ukuta wa Mkunazini? Zile nyumba ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake mkono mzima mpaka kwapa. Mjukuu wangu anakaa chumba cha tatu, waifai haimfikii mpaka akae ngazini. Sasa waifai haipiti, halafu uvujaji wa oveni upite? Mie sikubali. Tena mtu anapasha sahani dakika tatu. Wewe inaganda dakika tatu au usiku kucha?

#17 MkaaziWaMkunazini
Mzee wangu, swali zuri. Inaganda kwa vipindi. Mara dakika ishirini nzima, mara inatulia. Sijashika saa.

#18 Nahodha_Malindi
Shika saa kwanza. Hata baharini hatusemi kusi limeanza kwa sababu ya upepo wa siku moja.

#19 Msaada_Tunguu
Kabla ya mama mkwe kunyimwa chakula: nini kingine umechomeka kwenye laptopu usiku ambacho mchana hukichomeki? Naomba ujibu hili kwa utulivu.

#20 MkaaziWaMkunazini
Diski ya nje. Bosi anataka bekapu kila siku, kwa hiyo nikifika nyumbani naichomeka, inanakili huku nafanya kazi.

#21 Msaada_Tunguu
Na tundu lake ndani lina rangi ya buluu? Na kidude cha maus kiko tundu la jirani yake?

#22 MkaaziWaMkunazini
Buluu. Ndiyo, yamepakana, upande mmoja.

#23 Msaada_Tunguu
Basi mwizi tumempata. Tundu la buluu kwa kawaida ni la USB 3.0. Hiyo hupitisha data mpaka gigabiti 5 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo waya na kichwa chake hutoa kelele ya redio inayotapakaa mpaka kwenye gigahezi 2.4. Si maneno yangu. Intel wenyewe walitoa waraka mwaka 2012, wakaeleza kwamba diski ya USB 3.0 ikiwa karibu na kidude cha maus, umbali maus inaofika unapungua na inachelewa. Kwa hiyo diski ikinakili inaganda, ikipumzika inatulia. Ndivyo vipindi vyako hivyo.

Dawa yake rahisi. Nunua waya wa kurefusha USB, nusu mita au mita moja, kidude kikae juu ya meza karibu na kibodi. Au kihamishie upande wa pili wa laptopu. Kama kuna tundu lisilo la buluu, ndilo lake.

#24 BintiWete
Naunga mkono, ila si kila mara. Mie nina diski ya USB 3 imechomekwa usiku na mchana na maus haina neno. Lakini kwangu kidude kiko kushoto, diski kulia. Labda ndiyo siri.

#25 Fundi_Mlandege
Mnamtwisha mwenzenu mawaraka. Diski mwaka mzima alikuwa nayo?

#26 MkaaziWaMkunazini
Diski ninayo tangu Rajabu. Maus isiyo na waya tangu Mfungo Mosi. Nyumbani sikuwahi kuvitumia mbali mbali.

#27 Dada_Nungwi
Hodi. Mie nipo mapokezi ya hoteli huku kaskazini. Usisahau kupindua maus uangalie chini. Kwetu asilimia kubwa ya kesi ni mchanga na unywele kwenye kile kitundu cha taa. Maus hizi zinapiga picha ya meza, mamia hata maelfu kwa sekunde, halafu zinalinganisha picha na picha zijue umekwenda wapi. Unywele mmoja ukikaa pale, kishale kinatetemeka kama mtu ana homa. Na meza ya kioo ndiyo kabisa, haoni kitu. Tuliletewa kaunta ya kioo, nzuri sana kwa macho, tukaishia kusogeza maus juu ya kitabu cha wageni.

#28 Kipanga_Bububu
Kumbe kaunta nzuri kwa macho, mbaya kwa panya.

#29 MkaaziWaMkunazini
Dada, nyumbani meza yangu ni ya kioo kweli, ila nimetandika kitambaa cha mezani. Kazini ni mbao.

#30 BintiWete
Lakini kibodi haitazami meza. Kibodi inakula herufi. Kioo hakiwezi kuwa sababu ya vyote viwili.

#31 Dada_Nungwi
Kweli, la kibodi sikuliona. Nimejikubalisha.

#32 Mchapa_Kazi
Mawe uliyobadilisha ni ya aina gani? Yapo yale mepesi ya tochi, unayashika huhisi uzito. Na kama ni ya kuchaji, hayo ni volti 1.2, si 1.5. Maus nyengine zikiona 1.2 zinadhani mawe yanakwisha.

#33 Maalim_Chake
Ni kweli kuhusu volti, ila si hasara sana. Yale ya alkali huanza 1.5 yakashuka pole pole kadiri yanavyotumika. Ya kuchaji hukaa kwenye 1.2 karibu muda wote. Kifaa kilichotengenezwa vizuri kinaishi na yote mawili, ila taa ya kuonya ndiyo inayodanganyika. Mie skuli natumia ya kuchaji, maana mwalimu wa Pemba hawezi kununua mawe kila mwezi.

#34 Nahodha_Malindi
Pemba mna umeme wa kuchajia siku hizi?

#35 Maalim_Chake
Nahodha, sisi tuna waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Nani alikaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010? Si Pemba ile.

#36 Nahodha_Malindi
Nimenyamaza.

#37 Kipanga_Bububu
Wakati ule maus yenye waya na isiyo na waya zote zilikuwa sawa.

#38 BiMpole_Mazizini
Tukiwa kwenye mawe: mie niliyaacha ndani ya kibodi nikasafiri miezi minne. Nikarudi nikakuta unga mweupe na vibati vimeliwa. Vinaokoka?

#39 Fundi_Mlandege
Vinaokoka ukiwahi. Chukua ndimu, chovya mswaki wa zamani, sugua taratibu, ufute kwa spiriti, uache ikauke siku nzima. Usiweke juani, plastiki inapinda.

#40 Msaada_Tunguu
Ndimu au siki ni kwa mawe ya alkali, maana kinachovuja ni chumvi za potasiamu, asidi ndogo inazikata. Yale mepesi ya bei poa yakivuja ni tindikali tayari, ukiongeza ndimu unamuongezea njaa. Hapo magadi ya kuokea kidogo kwenye maji.

#41 Fundi_Mlandege
Nimetumia ndimu kwa yote, na wateja wanarudi.

#42 BintiWete
Wanarudi kushukuru au kulalamika?

#43 Fundi_Mlandege
😂 We mtoto wa Wete una maneno.

#44 BiMpole_Mazizini
Ahsanteni. Na ile maus yangu nyeusi iliyokuwa laini kama ngozi, sasa inanata kama halua. Nikishika mkono unabaki mweusi. Nayo ni mawe?

#45 Dada_Nungwi
Hiyo si mawe, ni ile rangi ya mpira wanayoipaka juu. Joto na unyevu vinaiyeyusha. Pamba na spiriti, sugua mpaka itoke yote ubakie na plastiki tupu. Inakuwa mbaya kwa sura lakini hainati. Mie sasa nikinunua naangalia kwanza: chochote chenye ngozi laini sichukui. Plastiki ngumu, ya kawaida, ndiyo inayostahimili huku kwetu.

#46 Fundi_Mlandege
Na hapo mnaona wenyewe: joto na unyevu. Nilisema tokea #3.

#47 MkaaziWaMkunazini
Habari za leo: nimenunua waya wa kurefusha, elfu nne Darajani. Nimeweka kidude mbele ya kibodi. Usiku wa kwanza, diski inanakili, kishale hakijaganda hata mara moja. Mama mkwe kala chakula chake cha moto. Namshukuru #23.

#48 Msaada_Tunguu
Alhamdulillahi. Kazi imekwisha.

#49 Kipanga_Bububu
Uzi usifungwe, mie sijajua jina. Hii kitu ni maus, kipanya, au nini? Juzi mwanangu kaandikiwa skuli "puku". Nikamwambia puku ni panya wa shamba, anakula muhogo.

#50 Maalim_Chake
Kipanya kinatumika sana vitabuni. Puku nimelikuta pia. Na kibodi wengine huiita kicharazio. Lugha haina haraka, tuwaachie BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, na watumiaji. Darasani nikisema "shikeni vipanya" watoto wa kiume wanacheka, wa kike wanapiga kelele. Nikisema maus wanashika.

#51 Nahodha_Malindi
Nani aliyemwita panya toka mwanzo? Apple?

#52 Msaada_Tunguu
Hapana mzee wangu. Aliyempa jina hajulikani vizuri, ila walioitengeneza kwanza ni Douglas Engelbart na mwenzake Bill English, Marekani, mwaka 1964. Ya kwanza ilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini, na waya ukitoka kama mkia. Kaionyesha hadharani San Francisco mwaka 1968. Apple ilikuja miaka mingi baadaye.

#53 Nahodha_Malindi
Ya mbao! Basi fundi seremala wa Malindi angeitengeneza.

#54 Kipanga_Bububu
Angeitia njumu za shaba kama mlango.

#55 BintiWete
Na sasa mkia umekatwa, tunaita panya bado. Tuendelee na la kununua, mwenzetu aliuliza tokea #1 na hakuna aliyemjibu.

Maoni yangu: kwanza shika mkononi. Mkono wangu mdogo, maus kubwa zile za mgongo mrefu zinaniumiza kifundo. Mume wangu kinyume chake, ndogo zinamshika misuli. Usinunue iliyofungwa ndani ya plastiki bila kuigusa. Pili, angalia swichi ya kuzima chini. Isiyo na swichi inakula mawe hata ikiwa mkobani. Tatu, kidude kiwe na pango lake ndani ya maus. Ukikipoteza na ni zile za elfu kumi, maus imekufa, maana zimefungishwa ndoa kiwandani, hazikubali mwengine.

#56 MamaWaWawili
Hilo la kidude nalithibitisha. Mwanangu wa miaka mitatu alikichomoa akakipika kwenye sufuria zake za udongo. Tulikipata baada ya wiki, ndani ya mchanga, na kinafanya kazi mpaka leo! Ila ile wiki nilitumia kidole kwenye laptopu nikalia.

#57 Msaada_Tunguu
Ndoa zinatofautiana. Kampuni ya Logitech walitoa risiva (ndicho kidude chenyewe) ya Unifying mwaka 2009, ina alama ya jua la rangi ya machungwa: risiva moja inakubali vifaa sita, na ukiipoteza unanunua nyengine unaifunga upya kwa programu yao. Mwaka 2021 wakaleta Logi Bolt, nayo inachukua sita. Ila hizo mbili hazijuani. Usinunue maus ya Bolt ukategemea risiva yako ya Unifying ya zamani. Angalia alama chini ya maus kabla hujalipa.

#58 BiMpole_Mazizini
Mie natafsiri nyaraka, kutwa naandika. Natumia kibodi ndogo ya Bluetooth, K380. Inapokea vifaa vitatu: laptopu, simu, na tableti ya binti yangu, unabonyeza kitufe tu unahama. Mawe mawili madogo, na nimeshasahau lini niliyatia. Haihitaji tundu la USB hata moja. Ubaya wake: siku laptopu ilipogoma kuwaka, fundi alitaka kuingia kwenye mipangilio ya mwanzo kabla ya Windows, kibodi ikawa bubu, maana Bluetooth haijaamka bado. Ikabidi tuazime yenye waya. Kwa hiyo weka moja ya waya kabatini, hata iwe ya zamani.

#59 Mchapa_Kazi
Na ukiiacha dakika chache inalala. Herufi ya kwanza inapotea. Nikiingia nywila ya benki kila siku nakosa mara ya kwanza.

#60 BiMpole_Mazizini
Gusa kitufe cha Shift kwanza, subiri pumzi moja, halafu andika. Tumeshazoeana mie na yeye.

#61 Mchapa_Kazi
Ukitaja nywila: nasikia mtu akiwa nje ya nyumba anaweza kuiba nywila yako kwa hii maus. Kweli?

#62 Msaada_Tunguu
Umechanganya mawili. Mwaka 2016 watafiti wa usalama walionyesha udhaifu walioupa jina MouseJack: mtu mwenye kidude cha dola kama 15 na laptopu anaweza, akiwa hata mita 100, kujifanya ni kibodi yako na *kuandika* kwenye kompyuta yako. Siyo kusoma. Ilihusu risiva za 2.4 za makampuni kadhaa, si Bluetooth. Mwaka huo huo wakagundua na jengine: baadhi ya kibodi za bei rahisi zilikuwa zinarusha herufi hewani bila kuzificha kabisa. Hapo ndipo kusoma kunawezekana. Kwa anayeshika hesabu za watu, kibodi iandikwe kwenye boksi kwamba inasimba, yaani inaficha herufi hewani, au tumia Bluetooth, au waya.

#63 Kipanga_Bububu
Mita 100 Mji Mkongwe ni vichochoro vinne na mabaraza matatu. Mwizi ataulizwa "wa nani wewe?" kabla hajafungua laptopu.

#64 MamaWaWawili
Mtu keshamwagikiwa na urojo juu ya kibodi?

#65 Dada_Nungwi
Zima, toa mawe, pindua kifudifudi, usiwashe. Rojo ya unga na embe ikikauka inakuwa gundi. Ng'oa vitufe kimoja kimoja, ila piga picha kwanza usije ukasahau mpangilio. Ile rangi ya manjano haitoki, kubaliana nayo.

#66 MamaWaWawili
Nimekwisha iwasha. 😭

#67 MkaaziWaMkunazini
Narudi kwa aibu. Siku tano maji yametulia. Leo Ijumaa bosi kasema hakuna bekapu, diski sikuichomeka kabisa. Baada ya Isha kishale kimeganda mara mbili. Waya wa kurefusha upo, kidude kipo mbele yangu sentimita ishirini. Mama mkwe kaenda harusini Fuoni, maikrowevu imelala.

#68 Fundi_Mlandege
Unyevu.

#69 Maalim_Chake
Ruta ulihamisha chaneli?

#70 MkaaziWaMkunazini
Bado, nywila ya ruta anayo shemegi.

#71 Nahodha_Malindi
Ulishika saa?

#72 MkaaziWaMkunazini
Nimeshika leo. Mara ya kwanza saa tatu na dakika kumi, ya pili saa nne kasorobo. Sekunde kama nane kila mara.

#73 Msaada_Tunguu
Sekunde nane halafu inaamka yenyewe, hiyo sura nyengine. Usiku laptopu iko kwenye chaja au kwenye betri yake?

#74 MkaaziWaMkunazini
Kwenye betri. Tundu la ukutani liko mbali na meza.

#75 Msaada_Tunguu
Windows ikiwa kwenye betri hubana matumizi, inayalaza matundu ya USB. Fungua orodha ya vifaa, tafuta kila kilichoandikwa USB, sehemu ya nishati, ondoa alama ya kuruhusu kompyuta ikizime. Kazini bila shaka unakuwa kwenye chaja.

#76 BintiWete
Lakini umesema kazi imekwisha tokea #48, kaka.

#77 Msaada_Tunguu
Ilikwisha ile. Hii kazi nyengine.

#78 BintiWete
Mimi naona hivi: akienda nyumbani anabadilisha diski, meza, ruta, chaja, na jirani. Vitano kwa pamoja. Leo diski ameitoa, bado vinne. Aviondoe kimoja kimoja, siyo vyote, la sivyo tutakuwa #200 bado tunabishana.

#79 Kipanga_Bububu
Sita. Umesahau wenyewe wa Mkunazini.

#80 MkaaziWaMkunazini
Alama nimeondoa, chaja nimeirefushia waya. Shemegi anarudi Jumapili na nywila. Kwa sasa nimeazima maus ya waya kwa mhudumu wa pale kazini, hesabu za mwisho wa mwezi haziwezi kungoja. Inavuta kitambaa cha mezani kila nikisogeza, ila sifuri zangu ziko sawa.

#81 Mchapa_Kazi
Ndugu, zile maus mbili za mwanzo unaziuza? Kama walivyosema hapa huenda hazikuwa na kosa. Mie nakaa Jang'ombe, sina diski, sina maikrowevu, sijaoa.

#82 MkaaziWaMkunazini
Moja kaichukua mtoto. Nyengine ipo na kidude chake. Njoo kesho baada ya Asri. Si baada ya Isha.